MWEZI INATUFUATA: Namna ya kuwafundisha watoto wadogo kupenda mashairi na kuyatunga



Siku moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi, nilikuwa nikitoka kanisani pamoja na watoto saba au nane wa kundi la wadogo. Tulikuwa tumechelewa juu ya mazoezi ya nyimbo. Tulipofika katikati ya njia, taa zote za kampi zikazimika mara moja. Munajua vizuri namna watu wanavyolalamika saa ile: «Kuran inaenda!» Wakubwa wakaanza kutafuta mishumaa. Lakini mutoto mumoja wa kike, wa miaka mitano, akanivuta mukono.

«Pasta, angalia! Mwezi inatufuata!»

Tulisimama. Mwezi nao ukasimama. Tukaenda hatua kumi, nao ukaenda juu ya mapaa ya nyumba mupaka tuliposimama tena. Watoto wakaanza kukimbia ili waone kama wataushinda mbio. Hawakuushinda. Yule mudogo akasema pole pole, kama mutu anayesema peke yake: «Inatembea bila miguu.»

Nilipofika nyumbani nilimusimulia mama pasta jambo hilo. Akaniuliza: «Pasta, mutoto ametunga shairi mbele yako, na haukuandika?» Nilinyamaza. Tangu siku ile ninabeba kaye ndogo ndani ya mufuko wa koti.

Katika ukurasa wa jamaa mwezi huu ninataka tuzungumuze juu ya jambo hilo: namna ya kumusaidia mutoto mudogo apende mashairi yanayosema juu ya mwezi, kisha atunge yake mwenyewe. Pengine mutu atasema: «Pasta, shida zetu ni nyingi, na weye unatuletea mashairi?» Ninaomba asome mupaka mwisho.

MANENO GANI YANAJAZA MASIKIO YA WATOTO WETU?

Katika inchi yetu ya migodi, mutoto anajifunza mapema sana maneno fulani: kilo, saki, bei, dola, deni. Kuko watoto wa miaka sita wanaoweza kukuonyesha jiwe la kijani na kusema «hii ni shaba», na jiwe jeusi na kusema «hii ni kobalti». Wengine wanapelekwa kuosha mawe mutoni mbele hawajajua kusoma, ijapokuwa sheria inakataza. Maneno hayo ni ya maisha yetu, siyalaumu. Lakini mutoto ambaye hana maneno mengine, siku moyo wake utakapojaa furaha au huzuni, atausemea na nini? Atapiga wenzake, ao atanyamaza.

Shuleni anafundishwa resitasio ya Kifaransa. Ni vizuri, inazoeza ulimi na kichwa. Lakini watoto wengi wa mwaka wa kwanza wanaikariri kama mutu anayebeba saki iliyofungwa: anasikia uzito, hajui kilicho ndani. Shairi la kwanza la mutoto linapaswa kuingia kwa luga anayoota nayo usiku.

Na kwa nini mwezi? Kwanza, hauna bei. Mutoto wa injinia na mutoto wa muchimbaji wa mukono wanauona sawasawa. Mutu haombi jeto ili auangalie.

Pili, kila kabila lililokuja kutafuta kazi huku limeleta jina la mwezi ndani ya mizigo yake. Wabemba wanasema umweshi, Waluba wa Kasayi wanasema ngondo, wale wanaosema Lingala wanauita sanza. Na angalieni: katika luga hizo zote, sawa na katika Kiswahili, neno moja linataja mwezi wa juu na mwezi wa kalenda. Wazee wetu walihesabu siku kwa kuangalia juu. Wafaransa ndio wana maneno mawili, «lune» na «mois». Mutoto mumoja wa kundi letu alicheza na jambo hilo bila kufundishwa na mutu. Alisema: «Mwezi ya juu inafikaka, lakini mwezi ya tata inachelewa.» Tulicheka, lakini wazazi waliokuwa pale walijua anataka kusema nini.

MBELE YA MANENO, MACHO

Mutoto hawezi kupenda shairi juu ya kitu ambacho hajakiangalia. Kwa hiyo musianze na kitabu. Anzeni na lupango.

Angalieni kalenda, mutafute siku ya mwezi mupya. Siku moja ao mbili nyuma yake, mara jua linapoingia, tokeni na mutoto na mutazame upande wa mangaribi. Mutaona kipande chembamba sana, nacho hakikawii kushuka. Rudini kesho yake: kipande ni kinene zaidi na kiko juu zaidi. Fanyeni hivi majuma mawili. Siku ya mwezi mujaa, mutaona jua likiingia upande huu na mwezi ukitoka upande ule, kama watu wawili wa kazi ya poste wanaopishana mulangoni. Toka mwezi mupya mupaka mwezi mupya mwingine ni kadiri ya siku 29 na nusu.

Hapa kuko jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Niliwaomba watoto wachore mwezi mwembamba. Karibu wote walichora kitu kinachosimama wima, kama herufi C. Nikawauliza: «Mwezi huu muliuona wapi?» Wakajibu: «Mu kitabu.» Basi tukatoka inje jioni. Mwezi ulikuwa umelala chali, pembe zake zikielekea juu, kama mutumbwi ao kama beseni. Si makosa ya macho. Vitabu vile vya picha vilichapwa Ulaya, na kule mwezi unasimama hivyo. Sisi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi tuko kadiri ya digri 11 tu kusini mwa ikweta, na huku mara nyingi mwezi mwembamba unalala. Watoto wetu walikuwa na macho mazuri, lakini waliamini kitabu kuliko macho. Hilo ndilo somo la kwanza la shairi: sema kile ulichokiona weye.

Watoto watauliza maulizo, na inafaa kuyajibu kwa kweli. Mwezi hauna moto wake, unarudisha nuru ya jua. Uko mbali, kadiri ya kilometre 384.000. Kwa kuwasaidia niliwaambia hivi: toka Kolwezi mupaka Lubumbashi ni kadiri ya kilometre 300. Ungeenda na kurudi zaidi ya mara 600 ndipo ungefika. Ni kwa sababu ya umbali huo unaonekana kama unatufuata: nyumba na miti ya karibu inabaki nyuma tunapotembea, lakini yeye habadiliki mahali machoni petu. Watu 12 walitembea juu yake, kati ya mwaka 1969 na mwaka 1972. Na kama katika mwezi wa tisa mutoto anauliza kwa nini mwezi umekuwa mwekundu, mwambieni juu ya moshi wa majani yanayochomwa porini na mavumbi yaliyo hewani.

Wazazi fulani wanaogopa kwamba kweli hizo zitaua shairi. Hapana. Yule mudogo nilimuelezea kwa nini mwezi unatufuata. Akafikiri, kisha akasema: «Basi inafuata watu yote mara moja.» Kweli ilimupatia shairi la pili.

KUSIKIA

Kiisha macho, masikio. Biblia ina mashairi, na mwezi unaonekana ndani yake mara nyingi. Katika Zaburi ya 8, Daudi anaangalia mwezi na nyota, anajiuliza mutu ni nini mbele ya kazi kubwa namna ile. Zaburi ya 104 inasema mwezi uliwekwa kwa kupima majira. Zaburi ya 136 inauhesabu kati ya zawadi za rehema ya Mungu. Zaburi ya 148 tutarudi kwayo, sababu ndiyo iliyonirudi mimi.

Namna ya kusoma ni hii. Keti inje pamoja na watoto, karibu na mbabula kama ni wakati wa baridi. Soma mistari mitatu ao mine tu. Mara ya kwanza wasikie kimya. Mara ya pili wapige makofi pole pole pahali sauti inapopumuzika. Mara ya tatu, simama mbele ya neno la mwisho, uwaache walimalizie wenyewe. Usiwaulize mara moja: «Hii inafundisha nini?» Ulizo hilo linageuza shairi kuwa mutihani. Uliza: «Umeona nini? Neno gani unapenda kubaki nalo kinywani?»

Kiisha waite wazee. Kama kambo yuko nyumbani, mutoto amuulize: «Kambo, mu mwezi unaonaka nini?» Kuko watu wanaoona sungura katika madoa yale meusi, wengine wanaona mutu. Mwacheni kambo aseme kwa luga yake ya mugini, hata kama mutoto anasikia nusu. Katika kundi letu, mama mumoja muzee aliyekuwa akikaa kimya tangu alipoletwa mujini alisimulia jioni nzima. Wajukuu wake hawakujua kwamba ana sauti namna ile.

NAMNA TATU ZA KUIGA

Wengi wanafikiri kuiga ni kuiba. Sivyo. Mutoto wa kike anajifunza kupika bukari kwa kuangalia mukono wa mama yake: anaiga namna ya kusonga, lakini unga ni wake na chungu ni chake. Hivi ndivyo tunavyofanya na mashairi. Tunaiga namna, hatuchukui maneno.

1. Namna ya Zaburi. Waebrania hawakutafuta sana sauti zinazofanana mwisho wa mustari. Walisema neno moja, kisha wakalisema tena kwa maneno mengine, kama mutu anayepiga hodi mara mbili. Hata mutoto wa miaka sita anaweza. Mwambie: «Sema kile mwezi inafanya. Sasa sema tena, lakini usitumie maneno yale yale.» Hili ni la mutoto wa kike wa miaka saba, nimeliandika vile alivyosema:

Mwezi unaingia mu lupango bila hodi,
unafika mu nyumba, mulango umefungwa.
Mama anazima taa,
mafuta yetu inapumuzika.

Musitengeneze Kiswahili cha shairi namna hii. Kama mwalimu angesahihisha «inapumuzika», shairi lingebaki na sarufi na kupoteza mutoto.

2. Namna ya kasala. Waluba wana desturi ya kusifu mutu kwa kumupa majina mengi, jina juu ya jina, wakati wa sherehe na wakati wa kilio. Wadogo wanaipenda sana, sababu kila mumoja analeta jina lake na hakuna anayeshindwa. Tulikaa kwa duara, nikaanza: «Mwezi...» Wakaendelea:

Mwezi, taa ya mama asiye na mafuta.
Mwezi, mulinzi asiyelipwa.
Mwezi, bukari ku sahani nyeusi.
Mwezi, unayekonda na haukufi.

Jina la tatu lilitoka kwa mutoto ambaye siku ile, nilijua baadaye, alikuwa hajakula. Mashairi ya watoto yanaweza kumuonyesha mwalimu jambo ambalo mutoto anaona haya kulisema. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

3. Namna ya fumbo. Hapa jina la mwezi halitajwi. Mutoto anasema dalili zake, wengine wanatafuta. Mumoja alisema: «Mama iko na beseni. Siku ingine imejaa, siku ingine nusu, siku ingine hatuione. Hakuna mutu anayeimwanga.» Wakapiga kelele: «Mwezi!» Fumbo linazoeza mutoto kuangalia vizuri, sababu dalili ya uongo wenzake wataikatalia palepale.

Ndugu zetu wa pwani, upande wa Kenya na Tanzania, wana ufundi wao wa vina na mizani, ambamo kila mustari unahesabiwa silabi zake. Ni ufundi wa heshima. Vijana wa sekondari wanaweza kujaribu. Lakini kwa wadogo musianze na vina: mutoto atatafuta neno linalofanana kwa sauti na kuacha lile alilotaka kusema.

KOSA LANGU

Sasa ninapaswa kusimulia jambo ambalo halinipi sifa.

Katika kundi letu kulikuwa mutoto mwanaume wa miaka munane. Baba yake alikuwa muchimbaji wa mukono. Usiku mumoja shimo lilianguka, na wenzake hawakuweza kumutoa. Tulifanya ibada ya kilio bila sanduku. Mutoto huyo alikuwa akija kila siku ya Mungu, akikaa mwisho wa benchi, asiseme neno.

Siku tulipofanya namna ya kasala, nilishangaa kumuona akiomba kreyo. Aliandika kwa muda murefu, akaniletea kaye. Aliandika hivi:

Mwezi, weye uko juu,
unaona mashimo yote.
Ukiona tata yangu,
umumulikie.

Ndugu zangu, nilisoma maneno hayo kama mwalimu wa masomo ya Biblia, si kama muchungaji. Nilisema mbele ya wenzake: «Hapana, mwana. Hatuombe kwa mwezi. Mwezi haisikie. Andika: Mungu.» Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikakata neno la kwanza.

Alichukua kaye yake, akarudi mwisho wa benchi. Siku tatu za Mungu zilizofuata alikuja, akakaa, hakufungua kinywa, hata kwa kuimba. Siku ya ine hakuja.

Juma lile nilikuwa nikitayarisha mahubiri juu ya Zaburi ya 148. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi tangu shule ya Biblia. Lakini usiku ule niliona jambo ambalo sikuliona mbele. Muimbaji wa Zaburi ile anasema na nani? Anasema na jua na mwezi. Anawaita kama mutu anavyoita majirani. Anasema pia na nyota, na mvua ya mawe, na upepo, na milima, na miti ya matunda, na ngombe. Anawaambia wote wamusifu Bwana. Kusema na mwezi ni jambo moja, kuabudu mwezi ni jambo lingine. Mimi nilikata kwa kalamu nyekundu jambo ambalo Maandiko yenyewe yanafanya.

Kesho yake jioni nilienda kwao. Mama yake alikuwa akipepea mbabula, akanipa kiti. Mutoto alikuja kunisalimu kwa heshima, kisha akataka kwenda. Nikamwambia: «Baki kidogo, mwana wangu. Nilikukosea. Nilikata neno lako na sikukuuliza unataka kusema nini. Unisamehe.»

Alikaa kimya. Kisha akasema: «Pasta, nilijua mwezi haisikie.»

«Sasa kwa nini ulisema naye?»

«Tata aliendaka usiku. Mwezi njo ilimuona wa mwisho.»

Sikuwa na jibu. Mama yake aliacha kupepea. Nilimuomba mutoto atusomee shairi lake, lakini alikuwa amepasua ukurasa ule. Basi alilisema kwa kichwa, akisimama, mikono nyuma, kama wanavyofanya shuleni kwa resitasio. Ilikuwa mara ya kwanza mama yake kulisikia. Alimwambia: «Rudilia tena.» Akarudilia.

Alirudi kanisani siku ya Mungu iliyofuata. Sitasema kwamba huzuni yake ilikwisha, sababu haikukwisha. Lakini aliimba.

JE, SI UPAGANI?

Wazee fulani wa kanisa waliniuliza ulizo hilo kwa nia njema, na wanastahili jibu.

Ni kweli Biblia inakataza kuabudu mwezi. Musome Kumbukumbu la Torati 4:19, na Yobu 31, ambako Yobu anasema hakuutumia busu mwezi kwa siri. Katazo hilo lilikuwa na sababu. Uri, muji alikotoka Abrahamu, na Harani, ambako jamaa yake ilikaa, ilikuwa miji mikubwa ya ibada ya mungu wa mwezi aliyeitwa Sin. Pengine ndiyo maana sura ya kwanza ya Mwanzo haiutaji mwezi kwa jina: inasema tu mwanga mudogo, uliofanywa na Mungu na kupewa kazi ya usiku. Taa ya nyumba haiabudiwi. Lakini hakuna anayekatazwa kusema kwamba taa ni nzuri.

Mutoto anayejua kwamba mwezi ni kazi ya mukono wa Mungu anaweza kuusifu bila hatari. Hatari kubwa ni kumulea mutoto asiyeshangaa kitu chochote. Mutoto asiyeshangaa mbele ya mwezi atashangaa mbele ya dola tu.

Na kuko woga mwingine unaopaswa kuondolewa. Watu fulani wanasema mwezi mujaa unaleta kifafa. Wazo hilo ni la zamani sana, hata neno la Kigiriki linalotumiwa katika Matayo 17 kwa yule kijana mugonjwa limetoka kwa jina la mwezi. Lakini leo tunajua kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na dawa zake ziko. Mutoto mwenye kifafa apelekwe kwa munganga wa hospitali, asifichwe ndani ya nyumba siku za mwezi mujaa.

KWA KILA UMRI

Miaka mine na mitano: Hawa hawaandiki. Weye ndiye kalamu. Wanasema, unaandika maneno yao bila kuyageuza, kisha unawasomea. Wakisikia maneno yao yakirudi toka kwa karatasi, watajua kuandika kuna faida gani. Neno moja linatosha.

Miaka sita na saba: Mistari miwili, namna ya Zaburi. Wachore kwanza, waseme nyuma.

Miaka munane na tisa: Kasala na fumbo, mistari mine mupaka sita. Waweza kuwaambia: «Sasa ondoa neno moja ambalo shairi halilihitaji.»

Kwa wote: musiwapatie pointi, musiwashindanishe kwa zawadi. Mutoto asomaye shairi lake asikatizwe. Mukiona maneno yanayowastusha, ulizeni mbele ya kusahihisha: «Unataka kusema nini?» Kama ningeuliza maneno hayo matatu, ningeepuka majuma mane ya kimya cha mutoto yatima.

Kwenu vijana: kaka na dada wakubwa munaweza kufanya kazi hii kuliko pasta. Telefone iwekwe chini nusu saa tu. Muloko wako atakumbuka usiku ule muliokaa juu ya mukeka kuliko sinema yote muliyoangalia.

KWA JAMAA, MWEZI HUU

Tafuteni kaye moja ya jamaa. Muiandike juu yake: Mwezi wetu. Toka siku ya mwezi mupya mupaka mwezi mujaa, kila jioni mawingu yanaporuhusu, mutoke inje kwa dakika kumi. Mutoto mumoja aseme mustari mumoja, mukubwa auandike pamoja na tarehe. Usiku wa mwezi mujaa, mukiisha kula, someni mistari yote mufululizo, kisha musome Zaburi ya 148 na kuomba.

Maulizo ya kuzungumuza:
Wazazi wetu walisema nini juu ya mwezi tulipokuwa watoto?
Kuko jambo gani ambalo mutoto wetu hajapata neno la kulisema?
Mara ya mwisho tulimukata mutoto neno ilikuwa siku gani, na tulimuomba musamaha?

Jana usiku kuran ilienda tena. Nilisikia watoto wa jirani wakilalamika, kisha sauti moja ikasema: «Tutoke tuangalie.» Nilitoka mimi pia. Mwezi ulikuwa umelala chali juu ya paa la kanisa, mwembamba kama ukucha. Nilitafuta kaye yangu ndani ya mufuko wa koti.

Mungu awabariki pamoja na wadogo wenu.